Mzee kapata kiharusi, mguu umerudi mkono umegoma. Fizio (mazoezi ya viungo) tuendelee?

Mangi_Pasua: Wakuu habari zenu. Mzee wangu hapa Moshi alianguka na kiharusi miezi minne iliyopita, kushoto kote kukalala. Sahivi anatembea na mkongojo mpaka kwa jirani, ila mkono bado, vidole vinajikunja tu. Bro anasema ubongo ukishakufa umekufa, hela ya fizio na bajaji bora inunue dawa za presha. Kuna kinachorudi kichwani au tunajifariji?

Fizio_Sakina: Bro wako kapatia nusu. Pale palipokosa damu pakafa hapafufuki, ila ubongo unafanya kazi kwa mtandao, kwa hiyo sehemu moja ikipigwa hata za mbali zilizokuwa zinaitegemea zinazubaa, daktari wa ubongo Monakow alishalisema hilo 1914. Vipimo vya MRI vinaonyesha mawasiliano ya ubongo wa kulia na kushoto yanapungua baada ya kiharusi, na yakianza kurudi mara nyingi na mkono unachangamka. Maeneo ya jirani na palipoumia nayo yanaweza kubeba kazi, sema yanajifunza kwa kutumika. Miezi mitatu ya mwanzo ndio kasi yenyewe, baada ya hapo inapungua lakini mlango haufungwi. Marekani kuna utafiti ulitoka 2006, watu waliokuwa na miezi mitatu hadi tisa tangu kiharusi walivalishwa glovu kwenye mkono ulio mzima ili watumie ule mbovu, wakapata nafuu ya kueleweka, ingawa wale walikuwa wanaweza kunyoosha vidole kidogo. Na dawa za presha ni lazima, zile zinazuia kiharusi cha pili, hazifundishi mkono.

dada_Ngaramtoni: Swali dogo kaka, nani anamlisha na kumfunga vifungo? Bibi yetu tulimpa ungo wa maharage, mkono mgonjwa ndio uchambue, basi wageni wakija wanamwonea huruma wanamnyang'anya ungo 😂 ikabidi mama awe mkali.

Mangi_Pasua: Dah, bimkubwa anamfanyia kila kitu. Sasa vidole havifunguki kabisa, tunaanzia wapi? Kuna mzee wa kuchua anavivuta kwa nguvu.

Fizio_Sakina: Huyo asimamishe. Kunja kwanza kifundo cha mkono, kiganja kiinamie chini, vidole vitalegea vyenyewe, ndio uvinyooshe taratibu. Aanze kushika kikombe cha plastiki kwa mikono yote miwili, mzima uusaidie mgonjwa, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Na mkimnyanyua kitandani msimvute mkono huo, bega litachomoka.