Gari la umeme au la petroli: tupige hesabu ya mfuko na ya moshi

Mleta Mada:
Wakuu, mijadala ya magari ya umeme huishia kwenye ushabiki. Mmoja anasema ni akiba tupu, mwingine anasema ni moshi uleule uliohamishiwa kwenye mtambo wa kufua umeme. Hapa tubishane kwa namba. Gari dogo la petroli linakunywa kama lita 7 kwa kilomita 100. La umeme la ukubwa huo linatumia yuniti 17 hivi (yuniti 1 ni kilowati-saa 1), ila mita ya nyumbani itasoma karibu 20, kwa sababu asilimia 10 hadi 15 inapotea kama joto kwenye chaja na betri. Kwa hiyo lita 1 inafanya kazi ya karibu yuniti 3. Chukua bei ya lita, gawa kwa bei ya yuniti. Ukipata zaidi ya 3, umeme ni nafuu barabarani. Ukipata 6, unalipa nusu. Ukipata chini ya 3, rudi kwenye petroli kabla hata ya kuuliza bei ya gari. Msimamo wangu: anayechaji nyumbani na kutembea kilomita nyingi hana sababu ya kununua petroli tena. Anayepinga aje.

Mzee wa Pistoni:
Napinga. Umehesabu majani, hujahesabu ng'ombe. Gari la umeme likiwa jipya kwa kawaida ni ghali kuliko mwenzake wa petroli, na likizeeka bei yake huanguka haraka kwa sababu mnunuzi wa pili anaiogopa betri. Ile tofauti uliyotoa siku ya kwanza unaikomboa kwa kilomita. Sasa mtu wa kilomita 6,000 kwa mwaka anachoma lita 420 tu. Hata umeme ungekuwa wa bure, hawezi kuokoa zaidi ya lita 420. Gawa tofauti ya bei ya magari hayo mawili kwa thamani ya lita hizo uone ni miaka mingapi. Na anayetegemea chaja za haraka za barabarani, ambako yuniti inaweza kuuzwa mara 2 au 3 ya bei ya nyumbani, hiyo kanuni yako ya 3 inamgeukia.

Hesabu Kwanza:
Mzee yuko sawa kwa huyo wa 6,000. Teksi ya kilomita 60,000 ni lita 4,200 kwa mwaka, hapo ni habari nyingine. Swali la "lipi nafuu" bila kutaja kilomita ni kama kuuliza kiatu kipi kinatosha bila kutaja mguu.

Dada Spana:
Mmesahau gereji. Injini ya petroli inataka oili na filta kila kilomita 5,000 hadi 10,000, plagi, filta ya hewa, na kwa injini zenye mkanda wa taimingi, mkanda mpya karibu na kilomita 100,000. Ukikatika kabla hujaubadilisha, kwenye injini nyingi valvu zinapigana na pistoni na unanunua silinda hedi. Ongeza pampu ya mafuta, oili ya gia na masega ya ekzosi yanayosafisha moshi. Gari la umeme halina hata kimoja katika hivyo, isipokuwa oili kidogo kwenye gia yake ndogo.

Lakini wanaosema halina sevisi wanawapoteza watu. Tairi zinaisha mapema, kwa sababu gari ni zito na nguvu ya mota inakuja yote mara moja. Breki nazo zina ugonjwa wa ajabu: zinaharibika kwa kutotumika. Ukiachia pedali ya mwendo, mota inageuka jenereta na kulipunguza gari mwendo, kwa hiyo pedi hazigusi diski mara kwa mara, diski zinapata kutu na pini za kalipa, kile kibanio cha pedi, zinagoma. Mwisho wake pedi moja inaburuta, gurudumu linapata moto, na dereva anashangaa kwa nini betri inaisha haraka. Dawa yake ni kuvua kalipa mara moja kwa mwaka, kusafisha pini na kuzipaka grisi ya breki. Mafuta ya breki yanabadilishwa kila baada ya miaka 2 kama gari lolote.

Halafu kuna betri ndogo ya volti 12. Hii inawalaza watu barabarani. Betri kubwa inaweza kuwa imejaa asilimia 90 na gari likakataa kuwaka, kwa sababu kontakta, yaani swichi zinazounganisha betri kubwa na mota, huwashwa kwa umeme wa volti 12. Ile ndogo ikifa, kubwa imefungiwa ndani. Dalili zake ni taa nyingi za onyo kwenye dashibodi kwa pamoja bila mpangilio, na milango inayogoma kufunguka kwa rimoti. Pima asubuhi kabla gari halijaamshwa: chini ya volti 12.2, ichunguze, ikiendelea kushuka hata baada ya kuchajiwa, badilisha. Usianze kufungua vifuniko vya rangi ya chungwa kutafuta tatizo. Waya za chungwa zinabeba mamia ya volti, na mfumo unaweza kubaki na chaji hata gari likiwa limezimwa.

Mleta Mada:
Dada Spana, shukrani. Hiyo ya kontakta inaeleza mengi.

Mzee wa Pistoni:
Tuje kwenye hewa basi. Umeme wa makaa ya mawe una tofauti gani na petroli?

Hesabu Kwanza:
Kwa makaa, karibu hakuna tofauti. Kuchoma lita 1 ya petroli kunatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa. Lita 7 ni kilo 16. Ongeza takriban sehemu moja ya tano kwa kuchimba, kusafisha na kusafirisha mafuta, unafika kilo 19 na ushee kwa kilomita 100. Mtambo wa makaa unatoa karibu kilo 1 kwa kila yuniti, kwa hiyo yuniti 20 ni kilo 20. Sare. Mtambo wa kisasa wa gesi unatoa kama kilo 0.45, jumla kilo 9. Maji, upepo na nyuklia ni gramu makumi tu kwa yuniti, jumla haifiki kilo 1. Norwei, ambako karibu umeme wote ni wa maji na upepo, karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa mwaka 2024 yalikuwa ya umeme, na kule hesabu ya moshi inasimama bila kusukumwa.

Sasa deni la kiwandani. Kutengeneza betri kunatoa takriban kilo 60 hadi 100 za hewa ukaa kwa kila yuniti ya ujazo wake. Betri ya yuniti 60 inaanza maisha na deni la tani 3.6 hadi 6. Tuchukue tani 5. Kwa umeme wa gesi unaokoa kilo 10 kila kilomita 100, deni linaisha ukifika kilomita 50,000. Kwa umeme wa maji, kama 27,000. Kwa makaa matupu haliishi. Na ndiyo maana napata taabu na magari makubwa ya umeme yenye betri ya yuniti 100: umebeba deni la tani 8 ili uende sokoni.

Mzee wa Pistoni:
Hujaiweka hybridi mezani, lile gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Toyota Prius ipo sokoni tangu 1997, si teknolojia ya kubahatisha.

Hesabu Kwanza:
Hapo umenishika, na nakubali. Hybridi isiyochomekwa ikinywa lita 4.5, kanuni ya Mleta Mada inahama: lita 1 sasa ni sawa na yuniti 4.4, siyo 3. Kwa moshi inatoa kama kilo 12.5 kwa kilomita 100. Inalipiga la umeme linalokula makaa. Dhidi ya umeme wa gesi inazidiwa kwa kilo 3.5 tu, na deni la tani 5 linaisha baada ya kilomita 143,000. Lakini kwa umeme wa maji hybridi haifui dafu, hata kidogo.

Mleta Mada:
Mnahesabu hewa ukaa peke yake. Pua ya mtoto anayetembea kando ya barabara haijui hewa ukaa, inajua oksidi za naitrojeni, kaboni monoksaidi na masizi. Hivyo vinatoka kwenye ekzosi mtaani, siyo kwenye bomba refu la mtambo ulioko mbali. Na tukumbuke petroli yenye risasi iliuzwa tangu miaka ya 1920 na nchi ya mwisho kuiacha kwenye magari, Algeria, iliiacha Julai 2021. Hizo gharama hazikuwahi kuandikwa kwenye risiti ya kituo cha mafuta.

Mzee wa Pistoni:
Na kobalti? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sehemu yake kwa mikono, watoto wakiwemo. Hiyo nayo iandikwe kwenye risiti.

Waya Mwekundu:
Iandikwe, ila iandikwe vizuri. Betri ziko za aina mbili kubwa. NMC ina nikeli, manganizi na kobalti. LFP ni lithiamu, chuma na fosfati, haina kobalti wala nikeli hata gramu. LFP ni nzito zaidi kwa umeme uleule na haipendi baridi, lakini inavumilia kujazwa na kutumika mara elfu kadhaa. Kwa hiyo anayechukia kobalti aulize aina ya betri kabla ya kulipa. Na viwanda vya mafuta navyo hutumia kobalti kwenye kichocheo cha kuondoa salfa, na masega ya ekzosi yana madini ya paladi na rodi. Hakuna aliye msafi hapa.

Tofauti hiyo inagusa pia namna ya kuchaji. NMC iishi kati ya asilimia 20 na 80, ijazwe 100 siku ya safari tu. LFP kinyume chake: watengenezaji wengi wanataka ifike 100 mara moja kwa wiki hivi, kwa sababu volti yake haibadiliki sana chaji ikiwa kati ya asilimia 30 na 80, na kompyuta ya betri inapoteza hesabu. Usipofanya hivyo, dashibodi itasema asilimia 15 na gari lizime.

Kuhusu nyumbani, wengi wanakimbilia chaja ya ukutani bila sababu. Anayetembea kilomita 40 kwa siku anahitaji yuniti 8. Soketi ya kawaida ya ampea 10 inatoa kilowati 2.3, saa 3 na nusu zinatosha. Ila soketi haikutengenezwa kubeba ampea 10 kwa saa nyingi mfululizo. Skrubu zikilegea, joto linapanda, plastiki inakuwa ya kahawia, kisha inayeyuka. Shika plagi baada ya saa moja: vuguvugu ni sawa, ikiunguza mkono chomoa. Waya wa kuongezea uliokunjwa kwenye roli usitumie kabisa.

Ukifunga chaja ya ampea 32, waya wa shaba usipungue milimita za mraba 6, na 10 kama umbali ni mrefu, breka yake peke yake, erthi iliyopimwa, na kinga ya umeme unaovuja inayotambua mvujo wa umeme wa moja kwa moja (DC) unaozidi miliampea 6. Kinga ya kawaida inapofushwa na mvujo wa aina hiyo, na siku umeme ukivuja kweli haikati.

Mzee wa Pistoni:
Sawa. Mtu anayenunua lililotumika anajuaje hajauziwa jeneza?

Dada Spana:
Mfano mzuri ni Nissan Leaf za mwanzo, zilizotoka 2010 zikiwa na betri ya yuniti 24 inayopoa kwa hewa tu. Kwenye joto kali zilichoka upesi. Dashibodi ina vipande 12 vya afya ya betri, na kile cha kwanza hupotea betri ikishapoteza asilimia 15. Ujanja wa wauzaji ni kuifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri: vipande 12 vinarudi, halafu vinaanza kupotea tena mnunuzi akishafika kwake. Kwa hiyo usiamini vipande. Chomeka kisomeo cha kompyuta ya gari, fungua programu ya LeafSpy kwenye simu, endesha mpaka chaji ishuke karibu asilimia 20, kanyaga kwa nguvu kwenye mlima huku mwenzako akiangalia jozi 96 za seli. Zikishuka kwa pamoja, betri imezeeka tu, jadili bei. Jozi moja ikidondoka peke yake chini ya wenzake, ile ni moduli mbovu, na gari litazimika na jozi hiyo hata kama nyingine 95 zina chaji.

Mzee wa Pistoni:
Hicho kipimo nakichukua. La kilomita 6,000 silegezi.

Mleta Mada:
Hilo sikulipinga, Mzee. Nilisema anayetembea nyingi.