Sh. 450,000 za kwenda Siku ya Ushirika: zitoke sandukuni au tubaki Mbagala?

Mama Dagaa Rangi Tatu

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kabla ya Jumapili maana ndiyo kikao chetu, na safari hii naona tutatoka tumenuniana.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama 23 huku Mbagala. Tulianza na mchezo wa kupeana, baadaye tukahamia kwenye hisa, huu mwaka wa sita. Sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu wasiokaa mtaa mmoja. Hisa sh. 2,000, mwisho hisa tano kwa wiki, mfuko wa jamii sh. 500. Desemba tunavunja, kila mtu anabeba chake. Wengi wetu ni wauza dagaa: alfajiri Feri, mchana kuanika na kukaanga, jioni kupima kwa kopo. Tangu mwaka jana wenzetu sita wanafunga kwenye pakiti za robo na nusu kilo, na zinatoka kuliko za kopo, hasa kwa watu wa maofisini.

Sasa wiki iliyopita kaja kijana na begi la kompyuta, anajiita mshauri wa ushirika. Anasema VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopeshana kama chetu, vimepitwa na wakati, tujisajili tuwe ushirika. Tukimpa 450,000 anatuandikia masharti, anatuletea usajili, na anatupatia "nafasi" ya watu wawili kwenye Siku ya Ushirika Duniani mwezi wa saba, ambako anasema wafadhili wamejaa. Nauli na malazi juu yetu. Mwenyekiti kameza ndoano na chambo chake. Mweka hazina kasema hela hiyo haitoki maadamu ufunguo wake uko kiunoni.

Mimi niko katikati. Neno lenyewe "fursa" limeshaanza kunikera. Niliwahi kwenda kongamano la wajasiriamali mjini, nikarudi na kofia, chupa ya maji na namba za simu kumi na moja. Nilizipiga zote. Ikapokelewa moja, na mwenyewe alikuwa muuza dagaa kama mimi.

Hayo maadhimisho yana faida gani kwa kikundi kidogo? Na huo usajili, mpaka umlipe mtu?

Mhasibu Mstaafu

Binti yangu, mweka hazina wenu mnunulieni soda.

Nimefanya hesabu za SACCOS, ushirika wa akiba na mikopo, ya wafanyakazi wa kiwanda miaka kumi na minane, kwa hiyo nitasema ninayoyajua. Siku ya Ushirika Duniani ni Jumamosi ya kwanza ya Julai kila mwaka, vyama vya ushirika duniani vinaiadhimisha tangu 1923. Hapa kwetu hutanguliwa na siku kadhaa za maonyesho, na kwa miaka kadhaa yalifanyika Tabora. Nilikwenda mara moja kwa nauli yangu. Sikuona mtu aliyenunuliwa nafasi na mshauri. Nilikula asali nzuri, nikajifunza mengi sana kuhusu tumbaku. Ukienda na dagaa utajikuta katikati ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima wa tumbaku, korosho na pamba. Utawasalimia, watakusalimia. Mzigo wenu mnunuzi wake yuko Dar.

Usajili: kila halmashauri ina Afisa Ushirika, nanyi Temeke mnaye. Kumwona ni bure. Maombi yanakwenda kwa Mrajis, yaani msajili wa vyama vya ushirika, kwenye Tume ya Maendeleo ya Ushirika kule Dodoma, kwa njia ya mtandao kwenye mfumo unaoitwa MUVU. Masharti ya chama mnayajadili wenyewe kwenye mkutano wa waanzilishi, na mnaandika andiko la kuonyesha chama kitajiendeshaje. Masharti aliyoandika mtu wa begi mtakuja kuyasoma siku mtakapogombana.

Lakini kuna kitu kikubwa hapo na hamjakiona. Mnavunja Desemba! Ushirika hauvunji. Hisa zikishaingia ni mtaji wa chama, zinabaki humo mwaka hata mwaka. Ada za shule za Januari hazitoki kwenye hisa. Unakopa, au unatoa kwenye akiba yako kwa utaratibu. Kina mama wangapi kati ya hao 23 wanajua hilo? Niliona kikundi cha wapishi kikigeuzwa SACCOS, Desemba ya kwanza wanachama wakaja na mifuko kuchukua chao, wakaambiwa hakuna mgawo. Viti viliruka.

Halafu kuna gharama zisizosemwa. SACCOS inahitaji wanachama wasiopungua 20, hapo mnatosha, lakini kuna leseni, bodi, hesabu za kukaguliwa kila mwaka, na ukomo wa madeni, yaani mwisho wa chama kukopa, unaoidhinishwa na Mrajis. Nani kati yenu atafunga vitabu wakati dagaa wako juani?

Na VICOBA havijapitwa na wakati. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka daraja la nne, SACCOS daraja la tatu. Kikundi cha watu 10 hadi 50 kinasajiliwa halmashauri na kinapewa cheti. Mnacho?

Mama Dagaa Rangi Tatu

Tunacho baba, kimeningʼinia ukutani kwa mwenyekiti. Hilo la Desemba limenitoa jasho. Mimi mwenyewe ada ya mwanangu inategemea mgawo.

Kijana wa Tandika

Hapo mnapigwa mchana kweupe. Mtu mwenye mchongo wa wafadhili anautembeza Mbagala kwa laki nne na nusu? Angeenda mwenyewe.

Kama mnataka mtaji, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ipo: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kikundi chetu cha bodaboda tulizungushwa miezi, picha za pasipoti tulipiga mara tatu, ila hakuna aliyetuomba laki nne.

Pakiti za Kigamboni

Shoga yangu, nimesoma mpaka mwisho, na naona wote wamepita juu ya zile pakiti zako. Mimi nafunga viungo vya pilau, naongea kwa uzoefu.

Wiki hiyohiyo ya Siku ya Ushirika, Sabasaba inakuwa imefunguliwa. Iko Barabara ya Kilwa, mlangoni kwenu! Unapanda gari Rangi Tatu, unashuka Sabasaba, jioni umerudi kupika. SIDO, wale wa viwanda vidogo, wanakuwepo, TBS, wale wa viwango vya ubora, wanakuwepo, na wenye mashine za kufungia wanakuwepo. Usiende kutembea. Beba pakiti tano, mfukoni weka swali moja: "Nikitaka hii iingie dukani, inapungukiwa nini?" Mimi niliambiwa lebo yangu haina tarehe ya mwisho wa matumizi wala mahali inapotengenezwa. Nilinuna, lakini ndiyo siku biashara ilipoanza.

Nembo ya ubora: mjasiriamali mdogo akiwa na barua ya utambulisho ya SIDO, TBS wanamhudumia bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Barua hiyo kafuateni hata kabla ya Sabasaba. Watakuja kuona mnapofungia, kwa hiyo kama ni uani karibu na kuku, anzeni kuhamisha kuku.

Cha mwisho: taasisi za serikali zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao ya mwaka kwa makundi maalumu, na wanawake wamo. Zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Hospitali na shule za bweni zinalisha watu kila siku. Ila usilikimbilie hilo kabla ya nembo, na wanachelewa kulipa, hela ya kukaa ukisubiri uwe nayo.

Mama Dagaa Rangi Tatu

Kuku wapo kweli, umejuaje jamani.

Baba mhasibu, wale sita wa pakiti wanaweza kuwa ushirika wao peke yao?

Mhasibu Mstaafu

Sita ni wachache kwa ushirika. Na usiwakate kwenye kikundi. Wabaki wanachama kama kawaida, hisa zao sandukuni, hesabu za pakiti waziweke daftari lao. Wakishafika idadi na wanauza kitu kimoja chenye lebo moja, hapo ushirika utakuwa na kazi ya kufanya: kununua Feri kwa jumla, kumiliki mashine. Huo ndio nitakuja mwenyewe kuwasaidia masharti. Bei yangu ni kilo moja ya dagaa, wa kuanika, siyo wa kukaanga.

Mama Dagaa Rangi Tatu

Mrejesho wakuu. Kikao kimechukua saa tatu.

Niliwasomea habari ya Desemba kama baba alivyoandika. Kimya kikatanda, kisha bibi mmoja wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo hela yangu ya mabati ndiyo haitoki?" Hoja ya kugeuka ushirika ikafia hapohapo. Mwenyekiti kanuna lakini kakubali, cheti chetu kinatolewa nakala Jumatatu kipelekwe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii.

Sabasaba wanakwenda wanne, wawili wa pakiti, mimi na mwenyekiti. Nauli niliomba itoke mfuko wa jamii. Mweka hazina kasema mfuko wa jamii ni wa msiba na uzazi, asiyefiwa wala kuzaa ajilipie. Tunajilipia.

Kijana wa begi alikuja. Tukamwomba atuelekeze ofisi ya Afisa Ushirika wetu ilipo, tukamsalimie pamoja. Akasema atatutumia ramani WhatsApp. Nimemwandikia tangu juzi, mpaka sasa tiki moja.