Gereji za Kigoma mnaobadilisha sensa kwa kubahatisha, nirudishieni MAF yangu (sensa ya kupima hewa inayoingia kwenye injini)!

Wakuu salama? Mimi siko salama. Naandika saa tano usiku nikiwa Mwanga, hasira imenikaa kooni, kwa hiyo mtanisamehe nikiruka ruka, na wale wa "uzi mrefu huu nani asome" pitieni kushoto mapema.

Gari ni Subaru Forester SG5, ile Cross Sports, injini EJ205 yenye tabo (ile ya kusukumia hewa kwa nguvu kwenye injini). Sio ya kiwandani tena, nakiri kabla hamjanirukia. Ina daunpaipu kubwa (bomba la moshi linalotoka kwenye tabo), ina kikoni badala ya boksi la eakilina, ina blowofu ya kupiga pshuuu hewani, na intake (ile ya juu ya injini inayogawa hewa) ilifunguliwa Dar mwaka jana ikapigwa rangi nyekundu ya mikunjo kama ile ya Subaru STI, ikapendeza kweli yaani watu nikifungua boneti wanaitana. Hiyo rangi nyekundu msiisahau.

Tatizo lilianza hivi. Unatoka stesheni unapanda Lumumba kuja huku Mwanga, jioni, taa umewasha, eisi inapuliza, unaongeza mguu kidogo tabo inaanza kuvuta halafu ghafla gari inakata kama mtu kazima swichi, inakohoa mara mbili, inarudi, na taa ya cheki injini hiyo hapo usoni. Mchana bila taa na bila eisi inapanda kama mbuzi. Asubuhi ikiwa ya baridi huwezi kuamini ni gari lile lile. Haya maneno yote nilimwambia fundi, taratibu, jioni, taa, eisi, mlima, maana hata mimi nisiye fundi nilihisi hapo pana kitu. Jamaa alikuwa anachati. Anaitikia "eeh, eeh" huku anacheka na simu.

Akachomeka mashine ya kusoma kodi (kodi za gari, yaani namba za hitilafu, sio zile za TRA, ingawa maumivu ni yale yale), ikatoka P0102. "Bosi, MAF imekufa hiyo." Dakika tatu hazijaisha. Mashine elfu 30. MAF ikaagizwa Kariakoo, ikaja na basi, 180,000, ikafungwa. Na ile yangu, Denso ya Japani iliyokuja na gari, ikabaki juu ya meza yake na mimi nikaondoka. Hapo kosa langu, nalimeza.

Sasa sikilizeni kichekesho. MAF ya gari hii ina waya tano, tatu za kupima hewa inayopita na mbili za joto la hiyo hewa. Nafika nyumbani nachomeka kale kaadapta kangu ka bluetooth, nafungua simu, joto la hewa inayoingia linasoma -40. Kigoma! Mwezi wa tisa! Saa saba mchana! Ukitaka -40 Kigoma sijui uchimbe wapi. Kumbe hiyo namba maana yake kontro boksi (kompyuta ya injini) haiioni sensa kabisa, waya umekatika au soketi haijashika. Nachomoa soketi naangalia ndani na tochi ya simu, pini moja imesukumwa nyuma, wamelazimisha kuingiza. Nikaivuta na sindano ya kushonea ya wife, nikarudisha, ikasoma 34. Hiyo nimetengeneza mimi muuza mawese.

Wiki haijaisha, Lumumba tena, jioni tena, ikakata tena. Nikarudi. Mashine, elfu 30 nyingine. Safari hii P0107, "MAP inasumbua bosi", yaani sensa ya kupima presha ya hewa ndani ya intake. Nikamwambia fundi hebu tuhakikishe kwanza. Akawasha swichi bila kupiga stata, akasoma MAP, ikaonyesha kilopaskali 92. Akampigia mtaalamu wake wa Dar loudspika mimi nasikia, mtaalamu anauliza inasoma ngapi, 92, aah hiyo imekufa, gari ikiwa haijawaka inatakiwa isome 101. Basi. Hukumu imetoka. 140,000.

Mpya ikaja, ikafungwa, swichi on, tukasoma wote watatu na spana boi.

92.

Jamani. Injini ikiwa imezimwa, MAP inapima hewa ya nje ya mahali ulipo, hakuna kingine. Dar ipo usawa wa bahari ndio maana kwao ni 101. Sisi hapa hata maji ya ziwa yenyewe yapo mita zaidi ya 770 juu ya usawa wa bahari, na mjini tupo juu ya ziwa, sasa hewa itakuwa nzito kama ya Dar kwa misingi ipi? 92 ndiyo namba yetu! Ukienda Kasulu kule juu itashuka zaidi, na gari itakuwa nzima vile vile. Nimenunua sensa ya 140,000 kwa sababu Kigoma ina milima. Na hairudishwi, "vifaa vya umeme haturudishi bosi", imeandikwa kwa makapeni pale ukutani.

Ya tatu sitaki hata kuisimulia ndefu. P0327, sensa ya noki, 95,000. Hii ni kama sikio, imefungwa kwenye bloku inasikiliza petroli inayolipuka kabla ya wakati wake, kontro boksi ikisikia mgongano inarudisha taimingi (wakati wa kupiga cheche) nyuma kuokoa pistoni, na kwenye injini ya tabo iliyopandishwa bosti (msukumo wa hewa ya tabo) hilo sikio ndilo mlinzi wako. Kwa hiyo inakazwa kwa kipimo, kama Nm 24 hivi, ukilegeza haisikii na ukizidisha inasikia visivyokuwepo au inapasuka. Yule bwana alikaza na bomba kachomeka kwenye mpini wa spana. Nilifumba macho.

Na katika siku zote hizo hakuna aliyemwaga hata maji ya sabuni kwenye hozi za intakula (ya kupoza hewa ya tabo) kuona kama bosti inavuja. Hakuna aliyeshika mita ya kupimia umeme. Samahani, nasema uongo, fundi umeme wao alishika mita siku moja, akaiweka kwenye ile ya kulia piii, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye injini, ikalia piii, akasema "ethi ipo safi", yaani njia ya hasi imeshika vizuri. Hiyo piii ndiyo iliyonimaliza, nitawaambia kwa nini.

Jumamosi nipo Kibirizi nasubiri mzigo, nikamkuta dogo mmoja anafunga umeme wa maboti, kainama kwenye mashine ya boti anakwangua tamino. Tukapiga stori, nikamlalamikia kama ninavyowalalamikia nyie. Swali lake la kwanza: "Mzee, inakata ukiwasha vitu vingi kwa pamoja?" Wakuu nilitaka kulia. Nimezunguka karibu miezi miwili na hakuna hata mmoja aliyeniuliza hivyo, na jibu nilikuwa natembea nalo mdomoni.

Akaja na mita yake ya njano imefungwa gundi ya nailoni. Hakuiweka kwenye piii. Akaiweka kwenye volti za DC, 20, akasema washa gari, washa taa zote ful, eisi, feni, ile ya kukausha kioo cha nyuma. Ncha moja hasi ya betri, nyingine kwenye jicho la ethi pale kwenye intake. Ikasoma 0.9.

Kwa asiyejua, hapo panatakiwa pawe karibu na sifuri kabisa, maana vyote viwili ni hasi, ni kitu kimoja. Ikisoma 0.9 maana yake umeme wa kurudi unasukumana njiani, hasi ya kontro boksi imepanda juu ya hasi ya betri. Na sensa zinaongea kwa volti ndogo ndogo, kati ya 0 na 5. Sensa inasema 1.5, kontro boksi imesimama kwenye kigoda cha 0.9, inaona 0.6, inasema eh mbona hii iko chini, inawasha taa. Leo inalalamikia MAF, kesho MAP, keshokutwa noki, kutegemea nani kaonekana vibaya siku hiyo. Ile P0102 haisemi MAF imekufa! Inasema ishara ya MAF imefika chini. Imefika chini kwa sababu gani hiyo ndiyo kazi tunayowalipa.

Na mita ililia piii kwa sababu piii inapitisha umeme kiduchu, hata uzi mmoja wa waya ukigusa inalia. Kulia sio kubeba mzigo. Dogo alivyoniambia: kamba ya kufungia kuku na kamba ya kufungia boti zote ukizivuta kwa kidole zimekaza.

Akafungua bolti. Subaru hizi ethi za kontro boksi zinakuja kufungwa pale pale kwenye intake. Chini ya lile jicho la waya: rangi nyekundu. Imekaa vizuri, inang'aa kama kucha za bi harusi. Ile rangi niliyoilipia Dar kwa hela yangu nikapiga na picha. Waliopaka walipaka mpaka sehemu ya ethi na waliofunga wakafunga juu yake, umeme wote ukawa unapita kwenye meno ya bolti tu, na pembeni pana duara jeusi la kuungua. Injini ikipata moto, mtikisiko, mzigo wa taa, hapo inagoma.

Msasa, akakwangua mpaka alumini nyeupe, akakwangua na jicho lenyewe, akakaza, akapaka grisi kidogo kwa juu unyevu usiingie. Akapima. 0.03. Alitaka elfu 25, nikampa 40, na ningekuwa na zaidi ningempa.

Jioni yake nimepanda Lumumba mara sita. Taa ful, eisi namba nne, redio, mpaka vioo nilikuwa nafungua na kufunga kwa makusudi. Haikukata. Wife akaniuliza kama nimerukwa na akili.

Hesabu: sensa tatu 415,000, mashine mara tatu 90,000, "ufundi" 150,000. Jumla 655,000, na gonjwa lilikuwa rangi chini ya bolti ya namba 12. Mimi sikatai kwamba rangi niliitaka mwenyewe, sikatai gari nimeichokonoa. Lakini ukinipokea gari iliyochokonolewa si ndiyo sababu ya kuanza kuangalia pale palipochokonolewa? Intake nyekundu inakuangalia usoni kila ukifungua boneti, huulizi hata "bosi hii ilifunguliwa lini"?

NAONGEZEA, nimeona komenti. Mdau anasema mchawi ni blowofu, kwamba wenye MAF hatutakiwi kumwaga hewa nje. Mkuu uko sahihi nusu. MAF ipo kabla ya tabo, hewa imeshahesabiwa, ukiimwaga nje kontro boksi inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo, unapata moshi mweusi na gari kutaka kuzima. Ila hiyo inatokea ukiachia mguu. Yangu ilikuwa inakata nikikanyaga. Na ndiyo, nimeshairudisha ya kiwandani, pshuuu imeisha, wife kafurahi.

Mwingine anasema nitaje gereji. Sitaji, sitaki kesi, wenyewe wanajijua na najua wanasoma hapa.

Sasa lililonifanya niandike usiku huu. Leo nimeenda kuomba MAF yangu ya zamani, maana ilikuwa nzima siku zote na ni bora mara kumi kuliko hii ya Kariakoo inayofanya injini iyumbe gari ikiwa imesimama inaunguruma tu. Nimeambiwa "tulishaitupa bosi". Natoka getini, spana boi ananifuata mpaka kwenye kibanda cha chipsi, ananong'ona kwamba kuna SG5 ya silva imefungiwa MAF "orijino ya mtumba" wiki mbili zilizopita, laki mbili.

Mwenye SG5 ya silva uliyetengenezewa gari hapo, hatuna ugomvi mimi na wewe. Fungua boneti, angalia ubavu wa plastiki ya MAF upande wa betri, mwaka juzi nilipoisafisha niliikwangua na msumari herufi mbili, M na K, hiyo K imepinda. Ukiikuta njoo inbox. Mimi kesho saa mbili asubuhi nipo getini kwao na hii yao mkononi.