Konokono mmoja kwenye ndoo kajaza watoto: bila dume inawezekanaje, na bwawa la sato lisafishwe vipi?

MfugajiKayenze: Wakuu, salaam. Konokono bapa mmoja alitolewa kwenye bwawa la sato huku Kayenze, akawekwa peke yake ndooni. Baada ya wiki chache ndoo imejaa vikonokono. Kazaa na nani? Bwawa ni mita 10 kwa 20; wakiokotwa kwa mkono wanarudi tu.

Lenzi_ya_Mkono: Bapa, gamba limejizungusha bila ncha? Huyo ni Biomphalaria, anayebeba kichocho cha tumbo. Kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike. Akipata mwenzake wanapandana, akikosa anarutubisha mayai yake kwa mbegu zake mwenyewe.

Ila ndoo yako haijathibitisha hilo. Huenda alishapandwa bwawani, na hawa hutunza mbegu za mwenzao mwilini. Ukitaka uhakika, chukua mtoto asiyezidi milimita 3, ambaye bado hajapandwa, mweke chupani peke yake. Maji ya bomba yalaze siku nzima klorini itoke. Mpe kipande cha mchicha uliochemshwa kidogo, toa mabaki kabla hayajaoza, maana maji yakichafuka atakufa na jaribio limeishia hapo. Atakomaa kati ya wiki 4 na 7. Chungulia chini ya jani na kwenye ukuta wa chupa: mayai yanakaa ndani ya utelezi bapa wa njano hafifu, na huanguliwa baada ya wiki moja hivi.

Furu_Mweusi: Nyongeza. Mwenye gamba refu lenye ncha na kifuniko mlangoni ni Melanoides, naye yumo Ziwa Victoria. Huyo ndiye hahitaji mbegu kabisa: majike huzaa majike, na watoto hukulia kwenye mfuko ndani ya mama, wanatoka wakiwa na gamba tayari. Usitafute mayai yake.

Mama_Mitetea: Kwa hiyo mitetea isiyo na jogoo nayo itaangua?

Lenzi_ya_Mkono: Hapana, dada. Mtetea atataga bila jogoo lakini yai halitaanguliwa. Akiwa alitengwa na jogoo karibuni, mbegu hudumu wiki 2 hadi 3, ndiyo maana watu wanadhani ni muujiza. Bata mzinga ni kisa kingine: kule Beltsville, Marekani, miaka ya 1950, mayai yasiyorutubishwa yalitoa vifaranga wachache, wote madume. Mbuzi na ng'ombe, sahau.

MfugajiKayenze: Nimekuelewa mkuu. Na bwawa?

Bwawa_Safi: Kuokota hakusaidii, kwa sababu akibaki mmoja tu anaanza upya. Vuna samaki, toa maji yote, fyeka na ng'oa majani ya kingo pamoja na mizizi, yachome mbali na bwawa. Tope likiwa bado bichi, nyunyiza chokaa ambayo haijazimwa kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba. Kwako ni kilo 20 hadi 30. Mwaga na kwenye kingo. Watu wanangoja tope likauke kwanza ndipo wamwage, kumbe konokono ameshajichimbia, na humo anavumilia ukame kwa wiki nyingi. Vaa glavu, miwani na buti, hiyo chokaa inaunguza. Acha wiki mbili, jaza maji, pima pH (kiwango cha asidi au magadi kwenye maji). Ikizidi 9 usiweke vifaranga vya samaki.

Kwenye bomba la kuingizia funga wavu. Utazuia wakubwa na magugu maji, lakini aliyeanguliwa jana anapita, kwa hiyo kagua kingo kila wiki.

MfugajiKayenze: Kuna wanaosema niweke furu anayekula konokono.

Furu_Mweusi: Yupo, Astatoreochromis alluaudi. Tatizo ni pumba: akilelewa kwa chakula laini, taya zake za kooni hukua dhaifu na kuvunja gamba kunamshinda. Kamongo anawavunja vizuri, ila atamaliza na sato wako. Baki na chokaa. Na usiingie miguu mitupu, hasa mchana jua likiwaka, ndipo vimelea vinapotoka kwa wingi kwenye konokono.