Mjadala: Reli ya Tanga iandikwe katika makala moja, au igawanywe kwa kufuata wamiliki wake?

Mtoa hoja, Korogwe

Ndugu wahariri wenzangu wa kamusi elezo ya Kiswahili, lipo pendekezo kwamba habari za reli itokayo Tanga hadi Arusha zigawanywe katika makala nne: ya Wajerumani, ya Waingereza, ya shirika la Afrika Mashariki na ya shirika la Tanzania. Waliolitoa wanasema kila mwenye reli alikuwa na sheria zake na hesabu zake, na kwamba makala moja itakuwa ndefu kupita kiasi. Mimi nalipinga, na naomba tulijadili kabla mtu hajaanza kuhamisha kurasa.

Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, mwaka uleule ambao Richard Hindorf aliuleta mkonge katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Njia ilifika Muheza mwaka 1896, mwendo wa kilomita 40 hivi, na hapo kampuni iliyoijenga ikaishiwa fedha, hata serikali ya kikoloni ikalazimika kuichukua mwaka 1899. Ndipo reli ikasogea polepole: Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, na Moshi mwaka 1911, kilomita 352 kutoka baharini. Arusha ilisubiri hadi mwaka 1929, chini ya Waingereza. Kwa mpango unaopendekezwa, Moshi itakaa katika makala ya kwanza na Arusha katika ya pili, ilhali mwanafunzi anayetaka kujua jinsi reli ilivyotoka Tanga hadi Arusha anauliza swali moja na anastahili kujibiwa mahali pamoja.

Babu yangu alikuwa katika genge la kutengeneza njia hapa Korogwe. Kila asubuhi alitembea juu ya mataruma na nyundo yake ya mpini mrefu, akigonga na kusikiliza, kwa maana chuma kilicholegea hutoa sauti iliyopasuka. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na shirika lake la reli likagawanywa, mnyapara alibadilishiwa nembo kwenye kofia. Genge lilibaki lilelile, na kipande cha njia walichokitunza kilikuwa kilekile. Tukiigawa historia kwa kufuata nembo, watu kama yeye watakatwa vipande vinne, na kila makala itakuwa habari za wakurugenzi. Vivyo hivyo kwa waliotangulia: mfumo wa kipande, yaani kadi ya kazi, uliowekwa Usambara mwaka 1907 ili kuwabana wenyeji wafanye kazi kwa walowezi, hauwezi kuelezwa bila reli iliyowafikisha walowezi hao, wala athari zake hazikwisha Wajerumani walipoondoka.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu yangu wa Korogwe, hoja ya babu yako nimeipokea kwa heshima, na sitaki tena makala nne. Hata hivyo, nina mashaka mawili. La kwanza ni kipande cha Voi hadi Kahe. Waingereza walikijenga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili kupeleka jeshi lao kusini, na ndicho kilichoiunganisha njia yenu na Reli ya Uganda itokayo Mombasa. Sehemu yake kubwa imo Kenya. Ukikitia chote ndani ya makala yako, utakuwa umekigeuza mkia wa reli ya Tanganyika, na sisi wa huku hatutaridhika. La pili ni jina. Nyaraka za Wajerumani zinasema Reli ya Usambara. Kwa nini tuache jina la asili tutumie jina la mazoea?

Mtoa hoja, Korogwe

Kuhusu Voi na Kahe umenishinda, ndugu yangu, nami nakiri bila kinyongo. Kipande hicho kilijengwa kwa sababu nyingine, na jeshi jingine, kutoka upande mwingine. Kiwe na makala yake, na katika makala kuu tuweke aya moja ya kueleza makutano ya Kahe. Kwa kipimo hichohicho, Reli ya Sigi nayo isimame peke yake: ilichepuka Tengeni kuelekea misitu ya Usambara Mashariki kufuata mbao, na upana wake ulikuwa sentimita 75 tu, wakati njia kuu ina mita moja. Mabehewa ya njia moja hayakuweza kupita katika nyingine. Kiungo cha Ruvu na Mnyusi cha mwaka 1963, kilichoiunganisha njia yetu na Reli ya Kati, ni cha upana uleule na kinatumiwa na treni zilezile, kwa hiyo mimi ningekiweka ndani kama sehemu ndogo. Lakini hapo niko tayari kusikia maoni mengine.

Kuhusu jina sikubali. Reli hii haipandi Usambara mahali popote. Inapita chini, kandokando ya milima, na anayekwenda Lushoto hushuka Mombo akapanda gari. Jina la Wajerumani lilitaja walikotarajia mavuno yao. Watu wa njia hii husema reli ya Tanga, nayo ndiyo inayofaa kichwa cha makala. Reli ya Usambara iwe jina la kuelekeza, lielezwe katika sentensi ya kwanza, na mwenye kulitafuta afike palepale.

Lipo jambo jingine linaloniuma. Tusifungue ukurasa kwa kila kituo ili kuandika tu kwamba ni kituo cha reli. Tanga inastahili, kwa kuwa mwezi Novemba 1914 askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, walishushwa kwa treni kutoka Moshi wakapigana karibu na stesheni yenyewe. Vituo vingi vilivyobaki vinatosha katika jedwali lenye umbali na mwaka wa kufunguliwa, na safu ya mwisho ionyeshe huduma ya sasa, maana treni za abiria zilirudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020 baada ya kukosekana kwa miaka mingi.

Jedwali hilo nitalianza mwenyewe, kuanzia Tanga hadi Buiko. Nakuomba wewe, kwa kuwa uko karibu na Voi, uandike makala ya kipande chenu, na uanze kwa kutaja mito na vituo vya upande wa Taveta ambavyo mimi sijaviona kwa macho.