Wauza chaja za wayalesi, acheni kuandika 15W kwenye kitu kisichofikisha hata 5

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na utakuwa mrefu kidogo. Watu wanalaza simu juu ya chaja ya wayalesi usiku kucha, asubuhi betri iko asilimia 60. Wakirudi dukani wanaambiwa "simu yako ina shida" au "betri imechoka". Simu nyingi kati ya hizo ni nzima kabisa. Mwenye kosa ni aliyeuza, maana alijua na akanyamaza.

Boksi limeandikwa 15W kwa herufi kubwa. Ukilifungua unakuta kisahani cha kulazia simu na waya, kichwa (adapta ya kuchomeka ukutani) hakuna. Mteja anachomeka kwenye kichwa cha zamani kilichoandikwa Output 5V 1A. Zidisha: volti 5 mara ampea 1 ni wati 5. Kama zinazoingia ni 5, hizo 15 zitatoka wapi? Tena hizo 5 zenyewe hazifiki zote kwenye betri, nyingine zinaishia kuwa joto njiani. Tuseme simu imepata 3.5. Betri ya 5,000mAh inabeba kama wati-saa 19. Gawanya, unapata saa tano na nusu, na hapo simu haiguswi, kioo kimezimwa, na hatujahesabu asilimia za mwisho ambazo simu huzijaza polepole kwa makusudi. Ukiwasha data na kuangalia video wakati huohuo, namba haisogei.

Muuzaji alitakiwa kusema sentensi moja tu: "Hii inataka kichwa cha 9V 2A." Basi. Hiyo ni wati 18, na ndiyo inayokipa kisahani cha 15W nafasi ya kupoteza kidogo njiani na bado kufikisha. Geuza kisahani chenyewe, chini kuna maandishi madogo ya Input. Kikisema 5V/2A, 9V/2A, maana yake kwa volti 5 kitatoa kidogo na kwa volti 9 ndipo kitatoa kile kilichoahidi. Waya nao una sehemu yake: wenye shaba nyembamba unapunguza volti, kisahani kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, mteja anadhani ndivyo kilivyo.

Ngoja nieleze kinavyofanya kazi, kwa sababu wanaodanganywa wanadanganywa kwa kutojua hapa. Ndani ya kisahani kuna koili, waya wa shaba uliozungushwa duara. Saketi inachukua umeme wa adapta na kuugeuza mkondo geu unaobadili mwelekeo zaidi ya mara laki moja kwa sekunde. Mkondo huo unazalisha uga wa sumaku, na uga ukikata koili iliyo nyuma ya simu unazalisha umeme mle. Simu inaunyoosha uwe wa mwelekeo mmoja, inauteremsha volti, inaupeleka kwenye betri. Ni kanuni ileile aliyoionyesha mwanasayansi Michael Faraday mwaka 1831. Kinachosahaulika ni kwamba simu na kisahani vinaongea muda wote: simu inatuma ujumbe mfupi kupitia uga huohuo, "ongeza", "punguza", "acha". Kisahani kisiposikia ujumbe kinakata umeme. Ndiyo maana ukiweka simu pembeni, koili hazijalaliana, taa inapepesa na chaji haiingii. Sogeza taratibu mpaka ikae katikati. Kwenye simu nyingi koili iko katikati ya mgongo, si chini ya kamera.

Uga huo unafika milimita chache tu. Kava nene la mpira linakula nafasi. Hatari zaidi ni kile kibati kinachobandikwa nyuma ya simu ili ishike kwenye sumaku ya gari: mkondo unazunguka ndani ya bati lenyewe na bati linachemka. Kisahani kizuri kinahisi chuma na kujizima. Cha bei ya kutupa, kilichoondolewa kihisi cha joto ili kupunguza gharama, kinaendelea kuchoma, na betri ya lithiamu juu yake inazeeka haraka kwa joto hilo. Kadi ya benki ndani ya kava itoe kabla ya kuchaji.

Sasa jambo linaloniudhi kuliko yote: sumaku. Watu wanauziwa "ya sumaku, inaenda haraka". Sumaku kazi yake ni kuikalisha simu mahali pake, kasi ni suala lingine. iPhone juu ya kisahani cha kawaida cha Qi (kiwango cha pamoja cha chaja za wayalesi) inapokea mpaka 7.5W, na kisahani chenye sumaku za kuiga tu kinabaki palepale. Ili ifike 15W kinatakiwa kiwe MagSafe halisi (chaja ya sumaku ya Apple) au Qi2, toleo jipya la Qi lililotangazwa mwaka 2023. Alama ya Qi kwenye boksi yeyote anaweza kuichapa. Shirika la Wireless Power Consortium, linalosimamia Qi, linaweka mtandaoni orodha ya vifaa lililovipitisha. Tafuta namba ya modeli pale kabla ya kutoa hela.

Na zile stendi za tatu kwa moja, simu, saa na earbuds. Simu 15W, earbuds 5W, saa kama 3W: jumla 23, ongeza kinachopotea, unahitaji kichwa cha karibu wati 30. Zinauzwa bila kichwa! Halafu mwenye Apple Watch anailaza kwenye sehemu ya earbuds na kulalamika haichaji. Haitachaji, ina chaja yake tofauti. Muuzaji aseme.

NYONGEZA: Mmeuliza kuhusu zile stika za kufanya simu yoyote ichaji wayalesi. Stika ni koili nyembamba yenye utepe unaochomekwa kwenye tundu la chaji. Inafanya kazi, lakini usitegemee zaidi ya wati 3 au 4. Upande wenye karatasi nyeusi ya feraiti uelekee simu, koili ielekee kisahani. Ukigeuza, feraiti inazuia uga na hupati kitu. Za micro-USB zina aina mbili kulingana na upande mpana wa tundu umekaa juu au chini, hakikisha kabla ya kulipa. Utepe usiukunje kwa nguvu pale kwenye kona ya simu, ndipo unapokatikia.