Naomba ushauri: nimwachilie chipukizi wangu nipate mrushaji nyota?

Habari zenu wadau. Niko Boston, na wenzangu wa kazini tuna ligi ya besiboli ya kwenye simu, ambayo kila mtu anaunda timu yake kwa majina ya wachezaji halisi. Wachezaji unabaki nao mwaka hadi mwaka. Jana usiku nimeletewa ofa: nipewe mrushaji Tarik Skubal, nimtoe chipukizi wangu Roman Anthony. Skubal ni moto, alibeba Cy Young (tuzo ya mrushaji bora) 2024, ila mkono wake wa kushoto umeshapasuliwa mara mbili. Halafu nakumbuka timu ya Detroit 1987: walimchukua mrushaji Doyle Alexander, akashinda mechi 9 bila kupoteza hata moja, lakini kijana waliyemtoa, John Smoltz, akaja kuwa gwiji kwa wengine. Ubingwa nautamani mno mwaka huu. Kidole kiko kwenye kitufe cha kukubali, nasita. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mwisho ni Ijumaa.